Ndafu wa Krismasi kwa oda, Marangu: walimuuliza baba kwanza

Nianze na nyota ili mwenye haraka aondoke na jibu lake: nyota nne na nusu kati ya tano, na oda ya mwaka huu nimeshaweka. Hiyo nusu iliyopungua ni habari ya saa, nitaisema mbele na nitaisema kwa uzito maana iliniuma. Mwenye muda akae, Krismasi kwangu haisemwi kwa mistari miwili, na ndafu wa Krismasi, yaani mbuzi wetu wa kunoneshwa na kuchomwa mzima, ndo kabisa.

Ninaowaongelea ni wale vijana wa ndafu wa Marangu Mtoni. Hawana bango wala jina la biashara, ukifika pale njia panda ukauliza wachoma ndafu unaoneshwa tu. Mwaka mzima wanachoma za harusi na kipaimara, Desemba ikiingia ndo hawalali. Unaweza kuagiza ukaletewa imeshaiva, au waje wao kwenu na vifaa vyao wachinje na kuchoma hapohapo kihambani, shambani kwenu nyumbani, huku mnaangalia. Sisi tulichukua hiyo ya kuja nyumbani.

Mi Krismasi naipenda toka nikiwa mdogo na sijawahi kuipunguzia mapenzi hata mwaka mmoja. Naipenda na mambo yake yote, hasa yale ambayo ukimsimulia mgeni anabaki anakutazama. Mfano mti. Kwetu mti wa Krismasi ulikuwa tawi la msaipresi, baba analikata mpakani mwa shamba tarehe 23 linasimamishwa kwenye ndoo ya udongo, alafu sisi watoto tunalivalisha mapulizo na zile karatasi za chooni za pinki na bluu tunazisokota kama kamba, na juu ya yote hayo pamba. Pamba ya duka la dawa. Unaichambua mpaka inakuwa nyepesi kama moshi unaipachika kwenye majani, hiyo ndo theluji, kwa sababu kadi zote za Krismasi tulizokuwa tunaletewa zilikuwa na theluji. Na pale dirishani asubuhi kabla mawingu hayajashuka unaiona Kibo, kilele cha Mlima Kilimanjaro, imekaa na theluji yake ya kweli, mita 5,895 juu ya bahari, na hakuna hata mmoja wetu aliyeona kuna ajabu hapo. Baadaye nikaja kusoma kwamba mmisionari Johannes Rebmann aliiona theluji hiyo mwaka 1848, akaandika, na wasomi wa Ulaya wakambishia kwamba theluji haiwezi kuwepo karibu na ikweta. Nikawaza mababu zetu waliokuwa wanaiangalia kila siku wakitoka nje. Hadi leo nanunua pamba kila Desemba na wanangu wanaichambua vilevile.

Alafu nguo za sikukuu, viatu vinanunuliwa namba moja zaidi ili vifike Krismasi nyingine, unatembea navyo kuelekea kanisani vinapiga kelele kwenye kisigino na wala hujali. Alafu kikao cha ukoo tarehe 26. Watani zetu husema Wachaga Desemba tunaenda kuhesabiwa, na kwa kweli kwetu baba mdogo anasimama na daftari anasoma majina, nani kazaliwa, nani kaoa, nani katangulia, na mi nina miaka 43 nasubiri jina langu lisomwe kama nilivyokuwa nasubiri nikiwa na saba.

Sasa katikati ya yote hayo yuko ndafu. Kwa asiyejua, ndafu sio mbuzi yeyote aliyechomwa mzima. Siku hizi kwenye harusi za mjini kila mbuzi aliyesimamishwa kwenye meza na karoti mdomoni anaitwa ndafu, sawa, lugha inatembea. Lakini ndafu mwenyewe ni beberu aliyehasiwa akiwa mdogo akafugwa ndani, hatembezwi malishoni, analetewa majani ya migomba, maganda ya ndizi na magadi ya kulamba, anakula na kulala mpaka mgongo unakuwa bapa na ukimshika kiuno hupati mfupa. Nyama yake ina mafuta yaliyotambaa ndani kwa ndani, ndo maana anaweza kukaa juu ya makaa masaa matano asikauke. Mbuzi wa mnadani aliyekonda ukimfanyia hivyo unapata ubao.

Baba alikuwa anamfuga mwenyewe, anamchinja mwenyewe, anambanika mwenyewe, miaka zaidi ya arobaini. Yule mbuzi ukimwona Agosti anaongezewa majani unajua Krismasi imeanza kutembea kuja. Sasa baba ana miaka 81 na alifanyiwa operesheni ya mgongo, hawezi kuinama wala kunyanyua. Mwaka huo wa operesheni Krismasi tuliila kwangu Dar, na hapo ndo nilijifunza kwamba unaweza kununua ndafu na usipate ndafu.

Niliagiza kwa watu wa ketaringi, jina siliweki. Bei nzuri, picha kwenye statasi zao nzuri, mbuzi amesimama kavaa majani. Saa nane mchana wakashusha masinia manne ya foili. Nikafungua la kwanza, nyama imekatwa vipande vipande sawasawa kama mishkaki. Nikafungua la pili, vilevile. Nikamuuliza kijana aliyeleta, kichwa kiko wapi? Akasema dada kichwa huwa tunatupa, wateja wengi hawakitaki. Na kidari? Akasema kimechanganyikana humo humo. Nyama yenyewe haikuwa mbaya, ilikuwa laini na viungo vimekolea, ukipewa ule umefumba macho ungesifia. Baba alikula vipande viwili, akasema aika mwanangu, yaani asante, akaomba chai. Hakulalamika hata neno. Alikaa pale na kisu chake mfukoni, kile kisu chenye mpini wa mti anachokinoa toka tarehe 20, nacho hakikutoka mfukoni siku nzima. Mi nilienda jikoni nikasimama tu.

Kwa hiyo mwaka jana tulipoamua tunapanda Moshi wote, binamu yangu akanitumia namba ya hawa vijana nikapiga nikiwa nimejiandaa kugombana. Mwenye kikundi ni kijana wa miaka thelathini hivi. Kabla sijauliza bei yeye ndo akaanza kuuliza. Mko wangapi? Mnataka mbuzi wetu au mna wenu? Kichwa mnachukua? Damu mnataka kwa ajili ya kisusio (ile supu ya damu)? Kuna ndugu Waislamu, tuje na mchinjaji? Alafu akauliza, "Dada, mzee yupo?" Nikamwambia yupo ila hawezi kazi. Akasema, "Hiyo haina shida, kazi tutafanya sisi, nauliza ili nijue ni nani anakata." Nilikuwa ofisini, nikatoka nje ya mlango kabisa kwenda kumalizia ile simu, maana macho yalikuwa yameshanijaa.

Hilo swali ndo huduma yenyewe. Kuchoma mbuzi wanaojua ni wengi, Moshi nzima imejaa. Lakini mtu anayejua kwamba kuna sehemu ya kazi ambayo hutakiwi kumfanyia mteja, unatakiwa umwachie, huyo ndo wa kumlipa.

Bei tuliyolipa: ndafu wao 280,000, kazi ya kuchoma vijana wawili 90,000, kirikuu ya kuleta vyuma na mkaa 20,000. Mchinjaji unampa zawadi yake mkono kwa mkono. Nusu unatuma mapema kwa simu, nusu nyingine mbuzi akishuka kwenye makaa. Nilitumiwa picha ya mbuzi tarehe 18, sio picha moja, na video amesimama anakula, kijana anamshika mgongo kuonesha unene. Baba akaiomba simu akaiangalia ile video mara tatu, akasema "huyu amelala ndani huyu." Maana yake kakubali.

Safari sitaisimulia, kila aliyetoka Dar wiki ya Krismasi anaijua: stendi ya Mbezi usiku wa manane, Chalinze, Segera, Korogwe, unakula chipsi Mombo, Milima ya Upare inakaa upande wako wa kulia masaa yanapita, na ukifika Himo mwili unachangamka wenyewe. Tulifika tarehe 23.

Tarehe 24 mama na shangazi walikuwa wamemaliza mbege, pombe yetu ya ndizi. Nyangi, yaani zile ndizi mbivu zilizochemshwa, zilikuwa zimekaa pipani siku zake na msesewe wake, lile gome chungu la mti, mso wa ulezi ukachanganywa jioni ya tarehe 23, kwa hiyo ya kunywa Krismasi yenyewe ilikuwa imeamka vizuri, sio tamu ya mtoto na sio kali ya kulia. Nasema habari ya mbege kwa sababu vijana wa ndafu waliuliza na hilo pia, kama tutakuwa na mbege, maana wao wanaipaka kidogo kwenye nyama wakati wa kubanika na hawataki kununua ya barabarani. Usiku tukaenda mkesha, umeme ukakatika katikati ya ibada na kwaya haikusimama, watu wakawasha mishumaa na tochi za simu, tarumbeta za vijana wa usharika zikaendelea kwenye giza, aisee.

Sasa lawama. Tuliagana watafika saa kumi na mbili kamili asubuhi ya tarehe 25. Baba alipanga awapokee, aone mbuzi, aombe, kisha aende ibada ya kwanza ya saa moja, arudi akae kwenye moto. Saa kumi na mbili hakuna mtu. Saa kumi na mbili na nusu napiga, simu inaita haipokelewi. Saa moja kanisa linagonga kengele, baba amevaa koti lake la kaunda, kofia mkononi, amekaa kwenye kigoda getini karibu na mimea ya masale, hajui aondoke au akae. Akakaa. Wakafika saa mbili kasoro robo. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, kirikuu imenasa kwenye tope kule chini kwenye daraja na simu iko kwenye koti lililoachwa mbele, walikuwa wanasukuma. Sawa, sababu ni ya kweli, tope lilikuwa mpaka kwenye magoti yao nimeliona. Lakini mtu wa Marangu anajua Desemba ina mvua na anajua hiyo barabara, ungeweza kulala njiani jioni yake au ukapanda mapema. Baba alikosa ibada ya Krismasi kwa mara ya kwanza toka nimfahamu. Kijana alishuka na tope lake akaenda moja kwa moja kwa baba, akavua kofia, akasema "Meku, naomba radhi, nimekukosesha kanisa." Meku ni mzee kwa Kichaga. Hakuanza kueleza gari. Baba akampa mkono. Mimi nusu nyota nikaitoa hapohapo na siirudishi, kwa sababu Krismasi ni moja kwa mwaka na ya mtu wa miaka 81 haina ya akiba.

Toka hapo kazi ilienda. Mchinjaji ni mzee wa Kiislamu wa pale Mtoni, alichinja kwa kisu kimoja safi, kwa sababu shemeji yangu mume wa dada ni Muislamu wa Mwanga, na mbuzi akichinjwa hivyo wote tunakula sinia moja. Damu ikakingwa pembeni kwenye sufuria ya mama, hiyo ya kisusio, ikapelekwa jiko lake peke yake na miiko yake peke yake isije ikagusa chakula cha shemeji, na hilo vijana walilijua bila kuambiwa. Kuchuna ngozi dakika kumi na tano, naangalia saa, haikutoboka hata sehemu moja. Utumbo ukasafishwa kule chini kwenye mfereji ukaja mweupe. Maini, figo, moyo na bandama vikawekwa kwenye jani la mgomba, vikaletwa kwa baba avione. Havikuingia kwenye mfuko wa mtu.

Nyama wakaipaka chumvi, ndimu, tangawizi na kitunguu saumu vilivyotwangwa, ndani na nje, wakatoboa mapaja kwa ncha ya kisu wakasokomezea ile rojo kwa kidole. Basi. Hakuna unga wa pakiti, hakuna sosi nyekundu. Akachomekwa kwenye chuma, miguu ikavutwa ikafungwa. Hapa kijana alitoa waya wa kawaida, baba akakohoa. Akamwambia mjukuu alete kamba za mgomba zile kavu, zikalowekwa, akamwonesha kijana namna ya kupitisha kwenye kwato mara mbili na kukaza ili mguu ukikaza kwa moto kamba nayo ikaze, waya unakata nyama. Kijana akafungua waya wake wote akarudia kufunga kwa kamba, akamuuliza baba "hivi, meku?" na baba akiwa amekaa hapohapo kwenye kigoda akanyoosha mkono akavuta fundo akasema hivyo.

Moto walitumia mkaa wao na kuni za mkahawa za kwetu, mikahawa mizee iliyong'olewa. Na wala moto haukai katikati. Makaa yanatandazwa pande mbili kama reli, katikati chini ya mbuzi pako wazi mafuta yakidondoka yasiwake. Kwenye mapaja na mabega makaa ni mengi, kwenye mbavu machache. Kila dakika chache wanageuza, wanapiga brashi ya mbege na ndimu, na ukitulia unasikia ule utando wa mafuta unanong'ona tss, tss. Rangi inaanza njano, inakwenda kama asali, inaishia ile hudhurungi ya chai ya rangi iliyokaa. Nilikaa pale na baba masaa matano na ninayahesabu kama zawadi yangu ya Krismasi.

Wakati tunasubiri mdogo wangu anayesoma Uswidi akapiga video akitaka kuona mbuzi, na mi nikamwambia awaoneshe watoto mbuzi wa huko. Hiki kitu nakipenda sana. Kuna mji unaitwa Gävle, toka mwaka 1966 kila Krismasi wanajenga uwanjani mbuzi mkubwa wa majani makavu ya nafaka, urefu wa mita 13. Yule wa kwanza aliungua usiku wa mwaka mpya, na toka hapo kuna watu kila mwaka wanamvizia wamchome, ni kosa kisheria na kuna walinzi na kamera lakini wanamchoma. Mwaka 2016 wakisherehekea miaka 50 aliteketezwa siku ileile aliyozinduliwa. Mwaka 2023 hakuchomwa ila walikuja ndege wa jamii ya kunguru wakamdonoa mpaka akabaki na upara, kwa sababu majani ya mwaka huo yalibaki na punje nyingi. Na Ufini hapo jirani yao, Baba Krismasi anaitwa Joulupukki, yaani beberu wa Krismasi. Watoto walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Baba akauliza swali moja tu, wale wa Uswidi wakishamchoma wanakula nini? Nikamwambia nyama ya nguruwe. Akatikisa kichwa akasema basi wana yao na sisi tuna yetu. Mi hapo ndo penzi langu lilipo na Krismasi, kwamba mtu wa Marangu na mtu wa Gävle, hawajawahi kuonana, wote Desemba ikifika wanawaza mbuzi.

Saa sita mama na wengine wakarudi kutoka ibada ya pili na mnada. Mnada wa sadaka kwa asiyeujua ni hivi: waumini wanaleta mkungu wa ndizi, kuku, mayai, maparachichi, inauzwa nje ya kanisa baada ya ibada, na anayenunua mara nyingi anarudisha iuzwe tena. Mama alirudi na jogoo mmoja ambaye alinunuliwa na watu wanne kabla hajamfikia. Amefika nyumbani amechoka yule jogoo.

Saa nane mbuzi akashuka. Wakamsimamisha kwenye meza ya mbao, majani ya parsley hayakuwepo wakamwekea mdomoni kitawi cha saipresi kutoka kwenye mti wetu wa Krismasi, wazo la mwanangu, na wakakubali. Kisha yule kijana akafanya ambacho sitakisahau. Ana kisu chake kikubwa kizuri, akakifuta, akakiweka kwenye ala. Akarudi nyuma hatua mbili akanyamaza.

Baba akatoa kisu chake mfukoni.

Kwetu kidari ni cha mzee, mgongo wa mama, figo la kulia ni la mjukuu mdogo kuliko wote aliyeota meno, maini ni ya waliosimama jikoni, kichwa cha vijana wa kiume wakakipike supu kesho yake. Koo nyingine zina mgao wao, sisemi huu ndo sheria. Ila kila kipande kikitoka kinaitwa na jina la mtu, na mtu anasimama anapokea kwa mikono miwili, hata yule anayeishi nje anatajwa kipande chake kinawekwa. Baba alikata kidari, mgongo, figo, akachoka, akampa kisu kaka yangu mkubwa mbele ya watu wote. Hakusema kitu na kila mtu alielewa. Baada ya hapo ndo kijana akaja na kisu chake akauliza "sasa nisaidie?" akakata yaliyobaki kwa dakika kumi, mbavu mojamoja, mapaja kwa nyuzi zake.

Nyama sasa, maana hii ni tathmini ya chakula pia. Paja lilikuwa limeiva mpaka mfupani na bado lina maji yake, ukivuta linakuja kwa nyuzi ndefu. Mbavu ndo bora, ule utando wa nje unavunjika kama kaukau. Bega la kushoto lilipata moto zaidi likawa kavu kidogo upande mmoja, na masikio yaliungua kabisa, watoto wakayagombania hivyohivyo. Chumvi kwangu ilikuwa ndogo lakini kulikuwa na chumvi na pilipili mezani na wazee wenye presha walishukuru. Moshi wa mkahawa unausikia kwa mbali kwenye mafuta. Ndizi za kuchoma walizileta wao ishirini bila kutozwa, zilikuwa nzuri, kachumbari yao sio nzuri, vitunguu havikuoshwa kwa chumvi vikawa vikali, tengenezeni yenu. Tulikula watu thelathini na nne na majirani wakapelekewa, ikabaki ya kesho yake kwenye kikao cha ukoo.

Kabla ya kuondoka walizoa makaa yote, wakafukia shimo la utumbo, wakaosha meza. Majivu wakauliza yawekwe wapi, mama akasema kwenye migomba. Wakanywa kata moja moja ya mbege, dereva hakunywa.

Mnaotaka kuagiza, pigeni Novemba mapema, ikishapita tarehe 10 Desemba wanachukua tu za kuletewa imeiva. Ombeni video ya mbuzi akiwa amesimama na ashikwe mgongo. Kama mko njia za juu zenye tope, waambieni waje tarehe 24 jioni walale, sisi safari hii tumewapa chumba cha nje na nimewaambia wazi kwamba baba anaenda ibada ya kwanza. Wamekubali, na hawajaongeza bei.

Baba hajauliza habari ya bei. Alichofanya ni kuwaagiza vijana wang'oe mikahawa miwili mizee kule nyuma ya zizi, kuni zimeshapasuliwa zimeegeshwa ukutani zinakauka, na juu ya zizi ametundika kamba za mgomba mafungu matatu.